Daftari la vipimo na saa za usingizi

Fungua daftari langu la kazi kwa mbele, utakuta vipimo vya watu: kifua 40, kiuno 34, nyonga 46, mkono wa robo tatu. Ligeuze uanzie nyuma, utakuta tarakimu za aina nyingine zimepangwa kama shanga: 7, 7, 6, 8, 7, halafu 4, halafu 2, halafu sifuri iliyozungushiwa wino mwekundu. Mteja mmoja aliziona akaniuliza kama nami nimeanza kucheza mkeka. Nikamwambia ndiyo, na umeshachanika mara mbili.

Zile ni saa anazolala mwanangu.

Kabla sijaandika chochote nilimwomba ruhusa. Alinyamaza siku mbili, kisha akanipa masharti: nisitaje jina lake la shule, na nisimwandike kama mtu wa kuchangiwa. "Niite Mudi tu, Mudi wako wengi Tanga hii." Sasa ana miaka ishirini na mmoja. Ugonjwa ulipomshika alikuwa na kumi na saba.

Alirudi likizo ya Juni 2021 kutoka bweni, kidato cha nne, na nitasema jambo ambalo hadi leo linanikaa kooni: wiki ile ya kwanza nilifurahi. Mtoto aliyekuwa haamki mpaka umvute shuka, sasa anaamka kabla ya adhana, anafagia uwanja, anaosha vyombo vya jana, anatengeneza pasi iliyokufa tangu mwaka juzi. Anaongea na wageni, anacheka. Nilimwambia mume wangu, bweni limemkomaza huyu.

Na alikuwa na mipango. Wakati ule Tanga nzima ilikuwa inaongea bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima kule Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake Chongoleani, hapa hapa kwetu. Watu walikuwa wananunua viwanja kwa mkopo. Mudi akaja na daftari: atachukua tenda ya kulisha mafundi wa bomba. Mandazi 4,000 kwa siku, unga mifuko mingapi, mafuta ndoo ngapi, faida kiasi gani. Nilizipitia zile hesabu mwenyewe, nikatafuta kosa, sikuliona. Baba yake, dereva wa lori, akapiga simu kwa kaka yake: huyu ndiye atakayetutoa.

Siku kadhaa baadaye mandazi yakawa meli. Meli zikawa tatu. Viatu vyake vya shule akampa kijana wa bodaboda kwa sababu "mkurugenzi havai viatu vya kamba". Maneno yakawa yanatoka yakikanyagana, sentensi moja haijaisha nyingine imeshaipita. Akaanza kusema matangazo ya redioni yanamtaja, kwa mafumbo, yeye peke yake ndiye anayeelewa. Usiku nilisikia nyayo zake uani. Saa saba, saa tisa, saa kumi. Mimi nikageukia ukutani nikalala, nikijua kesho nina sare arobaini za shule za kukata.

Mtu akiniuliza leo ni kitu gani nilipaswa kukiona, nitamwambia hicho. Si redio. Redio kila mtu angeiona.

Alfajiri moja hakuwepo. Tulimtafuta mpaka adhuhuri. Vijana wa kijiweni walimkuta njia ya Chongoleani, peku, nyayo zimepasuka, anasimamisha magari na kuwapa madereva maagizo. Wakamleta nyumbani amefungwa kamba.

Hapana, niseme kweli. Walimleta wamemshika mikono tu. Kufungwa alifungiwa nyumbani, na kamba nilitoa mimi. Alikuwa amevunja kioo cha kabati, mdogo wake analia chini ya meza, jirani mmoja akasema, "Mama Mudi, una kamba?" Huu ni mji wa mkonge, kamba ya katani haikosekani uvunguni mwa kitanda cha mtu. Nikainama nikaitoa. Katani ni kavu, inauma kama ina meno. Alama zilikaa kwenye vifundo vya mikono yake zaidi ya mwezi, na alipopona, kitu cha kwanza alichonionyesha kuwa anakikumbuka ni hicho. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nakumbuka kamba," kisha akaomba chai.

Siku tatu zilizofuata sizielezi kwa kirefu, kila familia ya pwani inazijua. Mafusho, azima, kombe la zafarani, mbuzi mweusi asiye na doa. Swali lililotawala nyumba lilikuwa moja: nani kamfanyia? Wifi yangu alimtaja shemeji mwenye ugomvi nasi wa shamba la minazi kule Muheza. Mganga wa pili hakutaja mtu, alichora tu "mwanamke mnene, mweupe, wa karibu", na katika ukoo wetu maelezo hayo yanawaenea watu sita. Mpaka leo kuna shangazi yangu mmoja haji kwenye shughuli zetu. Swali la nani kamfanyia lina faida kwa muulizaji mmoja tu, yule anayelipwa kulijibu, na madhara yake hubaki ndani ya ukoo hata mgonjwa akiwa ameshapona.

Sasa, wasomaji wengi wakifika hapa hutarajia nimpige vijembe kila anayesoma na kila anayeagua. Siwezi, kwa sababu mtu wa kwanza kuuliza swali la maana juu ya mwanangu alikuwa maalim wake wa chuoni, mzee aliyemfundisha alifu na bee. Tulimwita aje amsomee. Alisoma, Mudi akatulia kidogo, kisha akaanza tena maagizo yake ya meli. Mzee akafunga msahafu, akanitazama.

"Huyu analala saa ngapi?"

"Halali, maalim."

"Tangu lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Usiku wa tano.

"Mimi Qur'ani nitaendelea kumsomea, hilo halina madhara. Lakini mtu asiyelala usiku tano mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho. Na kamba hiyo mfungueni. Kama mnaogopa, nitakaa naye mimi nyuma ya gari."

Akakaa naye kweli, amemshika mkono, huyu anahutubia, huyu anavuta tasbihi.

Hospitali walimdunga sindano, akalala saa kumi na tano. Nilikaa nikitazama kifua kikipanda na kushuka. Nikadhani tumemaliza. Kesho yake jioni, nikiwa namlisha uji, shingo ikaanza kupinda kuelekea bega la kushoto, taratibu, kama mtu anayeizungusha kwa mikono miwili. Macho yakapanda juu, weupe mtupu. Ulimi ukatoka, hawezi kusema, ananitazama kwa kope tu. Mama wa kitanda cha pili akaruka na kanga yake nje ya wodi: jini limekataa dawa, linamnyonga mtoto! Wifi yangu naye: tulisema!

Muuguzi alikuja bila kukimbia. Ndicho kilichonituliza, ule mwendo wake. Akasema, "Mama, hii ni dawa. Haloperidoli huwakaza misuli baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo. Inatisha kuiangalia, lakini inafunguka." Akamdunga sindano nyingine, na kabla chai yangu haijapoa shingo ikarudi mahali pake. Tangu hapo akaongezewa vidonge vya Artane vya kuzuia ile hali.

Ninaisimulia habari hii kwa kila mzazi ninayekutana naye kwenye foleni, kwa sababu najua wangapi huwatorosha watoto wao wodini siku ile ya shingo. Wanaondoka wakiwa na ushahidi kwa macho yao kwamba hospitali imeshindwa na jini limeshinda. Wangeambiwa mapema maneno mawili tu, kwamba inaweza kutokea na inatibika, wangebaki. Sisi hatukuambiwa. Tulibaki kwa sababu ya mwendo wa muuguzi.

Daktari alituita baada ya wiki. Akauliza mambo mengi, mengine yalimfanya mume wangu akohoe. Bangi? Mudi akakubali, mara chache, bweni. Baba yake akapiga goti kwa kiganja: si nilisema! Daktari akamtuliza: bangi inaweza kuuchokoza ugonjwa na kuuongezea makali, tena aiache kabisa, lakini wangapi wameivuta pamoja naye na wako darasani? Kisha akaniuliza mimi: upande wako au wa baba, kuna mtu amewahi kuugua hivi?

Nikasema hakuna.

Jioni nikampigia mama yangu Lushoto. Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mjomba wako Saidi hakwenda machimboni."

Katika utoto wangu wote, mjomba Saidi alikuwa mtu aliyekwenda Mwadui kuchimba almasi akapotelea huko. Kumbe alikuwa Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Alitunzwa huko, akachuma chai kwenye mashamba ya hospitali, akarudi, akaugua tena, akarudishwa. Bibi yangu alikuwa akipanda kwenda kumwona akiaga kwamba anakwenda mnadani. Mama alilia kwenye simu, si kwa ajili ya Mudi. Alimlilia kaka yake ambaye kwa miaka arobaini hakuweza kumtaja.

Nilimrudia daktari na habari hiyo kama mtu anayekwenda kukiri kosa. Yeye aliandika tu, akasema vizuri mmenieleza. Ugonjwa wa Mudi akauita baipola. Una kupanda na una kushuka, katikati mtu anakuwa mzima kama wewe na mimi. Unatembea kwenye damu za ukoo, lakini haumpati kila mtu: mzazi akiwa nao, katika watoto wake kumi hupata kama mmoja. Nikamuuliza nani alaumiwe. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, mtu akirithi pua ya mjomba wake, unamlaumu nani?"

Nyumbani tukaanza kusema "akipanda" na "akishuka". Neno kichaa likafa lenyewe, hatukulipiga marufuku. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 40 wenye baipola mwaka 2019, na kwamba karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18. Nikajiuliza mbona katika milioni zote hizo mimi sijawahi kumwona hata mmoja. Halafu nikaanza kuwakumbuka: yule wa stendi, yule wa gengeni aliyekuwa akihutubia, yule binti aliyeachwa na mumewe akarudishwa kwao usiku. Niliwaona wote, na wengine niliwatania.

Vidonge vilianza kazi, navyo vilikuwa na bei yake. Sodiamu valproeti asubuhi na jioni, olanzapini usiku. Meli zikazama moja moja. Lakini mwanangu akawa anatembea kama yuko ndani ya maji, mate yanamtoka akisinzia, mwili ukaongezeka kilo kumi na moja katika miezi mitano. Najua kwa sababu suruali zake nilizipanua mimi, mara tatu. Majirani waliokuwa wakisema kichaa sasa wakasema zezeta. "Msimpe hizo dawa, zitamla akili." Aliyeniambia hivyo kwa mkazo zaidi anameza dawa za presha kila asubuhi tangu nimfahamu. Mtihani wa Novemba ulimpita akiwa kitandani.

Desemba akaacha dawa. Hakutuambia. Alikuwa anavitema, anavifukia kwenye chungu cha mrehani wangu. Alionekana safi kweli, mchangamfu, mwili umepungua, nami nikasema moyoni labda ile ilikuwa mara moja tu, imepita. Nadhani kila mzazi wa mgonjwa huyu amewahi kusema maneno hayo. Dawa ikifanya kazi vizuri inaonekana haina kazi.

Kisha ikaingia Ramadhani ya 2022, mwanzoni mwa Aprili. Tafakari mpangilio wa mwezi ule kwa jicho la mgonjwa ambaye dawa yake ya kwanza ni usingizi: futari, tarawehe, barazani mpaka saa sita, daku saa tisa, alfajiri msikitini. Mji mzima haulali, na kwa wengine ndiyo raha ya mwezi. Yeye siku ya nane alikuwa ameshapanda. Safari hii zilikuwa njozi za dini, na ni ngumu zaidi kuzipinga, maana mtu anayeswali usiku kucha katika Ramadhani utamwambia nini? Watu walimsifu msikitini. Maalim peke yake ndiye aliyekuja nyumbani baada ya tarawehe, akavua kofia, akasema, "Mama Mudi, kijana halali."

Usiku ule ndipo nilipoligeuza daftari la vipimo nikaandika sifuri ya kwanza.

Suala la funga lilitusumbua miaka miwili. Qur'ani imemruhusu mgonjwa kula, aya iko wazi katika Suratul Baqara, lakini mgonjwa wa akili haonekani ana ugonjwa. Hana bandeji. Akionekana anakunywa maji mchana, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mwili ule, atasemwa. Mudi mwenyewe hakutaka kula. Daktari na maalim walikutana, kwa simu yangu, nimeiweka sauti ya nje juu ya cherehani, wakaafikiana: dawa zihamie futari na daku, tarawehe aswali nyumbani, saa nne awe kitandani, na siku akilala chini ya saa tano kesho yake afungue bila mjadala. Katika maisha yangu sijasikia mazungumzo mazuri kuliko yale.

Ramadhani ile ya 2022 ilimrudisha wodini wiki tatu. Alipotoka akaanza kushuka.

Watu wanaogopa kupanda kwa sababu kuna kelele. Alipokuwa ameshuka walipita mlangoni wakasema, alhamdulillahi, ametulia. Hakuwa ametulia. Alikuwa anautazama ukuta kwa saa sita. Hakuoga mpaka nimkokote. Daftari likawa linasoma 13, 14, 15, maana ugonjwa huu hula usingizi na pia hulishwa nao. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mkate: "Mama, nisingekuwepo, wewe na baba si mngepumzika?"

Nikamwambia hapana. Nilisema mara nyingi, nadhani nilisema vibaya. Usiku huo nikaukusanya mkasi wangu mkubwa wa kukatia, nyembe, dawa ya panya, vidonge vyake vyote, nikavifungia sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga niliyolala nayo. Asubuhi nikatoa mkasi nikakata vitambaa vya watu. Jioni nikaurudisha. Nilifanya hivyo miezi minne. Mume wangu akiwa safarini, alikuwa anapiga simu saa nne kila usiku, anauliza neno moja tu: "Sanduku?" Nami namjibu, "Limefungwa." Sidhani kama tumewahi kupendana zaidi ya mwaka ule.

Kliniki waliponiuliza kama kijana amewahi kuzungumzia kufa, nikasema hajawahi. Nilidanganya, na niliogopa polisi. Hapa kwetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, na mimi sikujua mpaka wa kuzungumza na wa kujaribu uko wapi. Ni muuguzi yule yule wa mwendo wa polepole aliyenivuta pembeni akaniambia kusema si kosa, kuumwa si kosa, na yeye hayuko pale kumshika mtu. Anataka kujua ili ampangie dawa na aniambie kitu gani nikifungie. Nilipomwambia nimeshakifungia, alinishika bega. Januari 2025 niliposikia Mahakama Kuu ya Kenya imekitupa kifungu chao cha 226 kinachofanana na hiki chetu, nilizima cherehani nikakaa. Mama mwenzangu wa Mombasa, umbali wa basi la nusu siku kutoka hapa, sasa anaweza kujibu swali la muuguzi bila kuwaza pingu.

Kama wewe unayesoma una mtu nyumbani aliyekuuliza swali kama lile la Mudi, mwulize wazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Ondoa vitu vya hatari, usimwache peke yake, na umfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kuna mtu mwingine ndani ya nyumba hii ambaye sijamtaja vya kutosha, na huo ndio ugonjwa wenyewe: unameza nafasi. Mdogo wake alikuwa na miaka tisa siku ya kamba. Alikua akipewa majibu mafupi. Akifaulu, vizuri. Akiugua malaria, meza dawa ulale. Alipofika miaka kumi na mbili alikuja bandani, akaligeuza daftari, akasoma zile tarakimu, akauliza, "Na mimi nikitaka uniandike, mpaka niumwe?" Tangu siku hiyo ana safu yake. Haina maana yoyote ya kitabibu. Msichana analala saa tisa nzima kama jiwe.

Dawa zenyewe ni safari. Kwa sera, matibabu ya akili ni bure. Kwa dirisha la dawa, mara nyingi ni karatasi iliyoandikwa "nunua nje". Kuna mwezi nilitumia shilingi 48,000 duka la dawa, na ule ulikuwa mwezi wa sare, mwezi mzuri. Kuna mwezi sikuwa nazo, nikaazima vidonge kwa mama wa foleni, nikamrudishia mwezi uliofuata. Tunafanya hivyo sana, akina mama wa Jumanne ya kliniki. Wengine tunajuana kwa dozi kabla ya majina. Ni kikoba chetu, ila badala ya hisa tunaweka valproeti.

Mudi alifanya mtihani wake 2023 kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata daraja la tatu. Sasa anatengeneza simu, ana meza yake nje ya banda langu. Mwaka 2024 aliwahi kupanda kidogo: usiku wa kwanza alilala saa nne tu, wa pili saa tatu, na kulipokucha yuko safi, hana uchovu. Hapo ndipo pa kushtuka. Mtu aliyekosa usingizi kwa mbu huamka amenuna. Anayepanda huamka anaimba. Tulikwenda kliniki siku hiyo hiyo, dozi ikaongezwa, wiki mbili yakaisha, na hakuna jirani aliyejua. Ninajivunia wiki zile mbili kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Lakini kijana sasa ana ndevu. Mwezi uliopita niligundua kwamba bado ninaamka saa tisa usiku, ninasimama nje ya mlango wake nasikiliza pumzi. Hajawahi kusema kitu. Nilidhani hajui.

Jumatatu asubuhi nililifungua daftari nichukue kipimo cha Mama Zuhura, likafunguka kwa nyuma. Chini ya tarakimu yangu ya Jumapili kulikuwa na mwandiko ambao si wangu, wa kalamu ya bluu anayoandikia namba za simu za wateja:

"Umeandika 4. Si kweli. Nilichelewa kwa sababu Coastal walicheza, nikalala 7. Aliyelala 4 ni wewe."

Na pembeni yake alikuwa amechora safu ya tatu, mistari imenyooka kwa rula, juu ameandika MAMA. Gauni la Mama Zuhura bado sijalikata.